Boliti, spindeli na methanoli: yaliyowaua madereva wa Indianapolis kabla ya 1965

Tarehe 12 Mei 1961, kwenye uwanja wa mbio za magari wa Indianapolis, Marekani, dereva Tony Bettenhausen alipanda gari la rafiki yake Paul Russo ili alijaribu. Kwenye njia nyoofu ya mbele gari lilikata ghafla kulia, likapanda ukuta wa nje na kubingirika juu yake huku likizoa nguzo na waya za uzio. Bettenhausen, bingwa wa taifa wa 1951 na 1958, alikufa palepale. Wakaguzi wa USAC, chama kilichosimamia mashindano hayo, walikuta boliti moja imechomoka kwenye kishikizo cha fimbo ya ekseli ya mbele.

Ajali za zama zile hupenda kusimuliwa kama visa vya ujasiri na mkosi. Ukizichambua moja moja, mara nyingi unakuta kitu cha kushikika: boliti, spindeli, mkanda ambao haukufungwa, mafuta yaliyobebwa mahali pabaya. Wanaofufua magari haya leo wanashughulika na vitu vilevile, kwa hiyo inafaa kujua kila kimoja kilifanya kazi gani.

Tuanze na hiyo boliti. Ekseli ya mbele ya gari la Indianapolis la miaka ya 1950 ilikuwa bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu. Uzito wa gari ulibebwa na torsheni baa, yaani fimbo za chuma zinazofanya kazi ya springi kwa kujisokota. Lakini torsheni baa haizuii ekseli kuviringika. Dereva akikanyaga breki, ekseli hutaka kuzunguka pamoja na magurudumu, na kinachoishika isizunguke ni fimbo nyembamba zinazoiunganisha na chesisi kila upande. Fimbo ya upande mmoja ikiachia, ekseli hujisokota upande huo, pembe ya magurudumu hubadilika, na gari hugeuka lenyewe bila dereva kugusa usukani. Kwa mwendo wa Indianapolis hakuna muda wa kusahihisha. Ndiyo maana fundi makini hakubali boliti yoyote ya ekseli au usukani ifungwe kwa nguvu ya spana peke yake. Panawekwa nati yenye meno na spliti pini, au waya wa usalama uliosokotwa kwa upande unaokaza. Nati zenye plastiki ndani hutumika mara moja na kutupwa.

Kwa nini boliti zilegee hivyo? Jibu liko chini ya boneti: Offenhauser, ambayo kila mtu aliiita Offy. Ni injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, na katika ujazo wa lita 4.2 kila silinda inazidi lita moja. Pistoni kubwa namna hiyo zinapopanda na kushuka mbili mbili huacha mtikisiko ambao hakuna kitu ndani ya injini kinachoufuta. Mabano hupasuka, mabomba ya oili hukatika shingoni, na nati ambazo hazikufungiwa pini hujifungua taratibu.

Pamoja na kero hiyo, hakuna injini iliyowahi kutawala kama ile. Mizizi yake ni injini ya boti ya Harry Miller wa Los Angeles. Miller alipofilisika mwaka 1933, fundi wake mkuu Fred Offenhauser alinunua mashine na michoro akaendelea, huku mchoraji Leo Goossen akibaki mezani pake. Kelly Petillo alishinda nayo Indianapolis 1935. Mwaka 1946 kiwanda kikaenda kwa Dale Drake na Louis Meyer, ambaye mwenyewe alikuwa ameshinda mara tatu kama dereva. Kuanzia 1947 hadi 1964 kila mshindi wa Indianapolis alikuwa na Offy. Miaka 18 mfululizo.

Siri ya uimara wake ni kwamba haina gasketi ya silinda hedi, kwa sababu haina hedi ya kufungua. Hedi na bloku vimemiminwa pamoja kama kipande kimoja cha chuma, kwa hiyo hata ukibana mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa uwiano wa 13 kwa 1 hakuna kiungio cha kupasuka. Juu kuna kamshafti mbili zinazoendeshwa na giya, na valvu nne kwa kila silinda. Bei ya uimara huo anailipa fundi. Kutazama valvu lazima uinue bloku zima kutoka kwenye krenkikesi, yaani sehemu ya chini ya injini inayobeba krenkshafti, pistoni zibaki chini zikining'inia, kisha valvu zitolewe kupitia ndani ya silinda. Kusaga viti vya valvu hufanyika mle mle, kwa vifaa virefu vinavyopita ndani ya silinda. Mtu aliyezoea injini za kawaida akikosa subira hapa hukwaruza ukuta wa silinda, na bloku za zamani hazipatikani kwa urahisi.

Krenkikesi nayo si ya kawaida. Ni pipa la aluminiamu lisilo na kifuniko cha chini cha kufungua. Krenkshafti huvishwa beringi zake kubwa na vishikizo vyake nje, kisha mzigo wote husukumwa ndani kutoka mwisho mmoja baada ya pipa kupashwa moto litanuke. Likipoa linakamata. Ukishindana nalo likiwa baridi, utakwaruza viti vya beringi. Pembeni kuna vifuniko vidogo vya kupitishia mkono kufikia konrodi, jambo ambalo fundi wa magari ya siku hizi angelionea wivu.

Sasa mafuta. Offy ya mashindano ilinyweshwa methanoli, aina ya alkoholi. Petroli huhitaji hewa kilo 14.7 kwa kilo moja ya mafuta, methanoli huhitaji 6.4 tu, kwa hiyo gari hunywa zaidi ya mara mbili. Faida ni kwamba methanoli inapogeuka mvuke hupoza sana pistoni na valvu, na inavumilia mbano mkubwa bila injini kugonga, yaani bila mafuta kulipuka kabla ya wakati wake. Mfumo wa Stuart Hilborn ulioipuliza ndani ni rahisi ajabu: pampu inayozungushwa na injini, nozeli zilizo wazi muda wote, na njia ya kurudisha ziada tangini. Kwenye njia hiyo ya kurudi kuna kidonge cha shaba chenye tundu. Tundu likiwa kubwa, mafuta mengi hurudi tangini na injini hubaki na mchanganyiko mkavu. Likiwa dogo, injini hulowa. Watu hukosea hapa kila mara, wakidhani tundu kubwa maana yake mafuta mengi. Ukikosea kwa kulowesha utapoteza nguvu kidogo. Ukikosea kwa kukausha utatoboa pistoni.

Hatari ya methanoli ni kwamba mwali wake hauonekani juani. Mtu anaweza kuwa anaungua na wenzake wanaona anarukaruka tu. Lakini inachanganyika na maji, na ndoo ya maji huizima, ndiyo maana ndoo hukaa tayari popote gari linapojazwa mafuta. Petroli ni kinyume: inaonekana vizuri mno na maji huieneza. Tofauti hiyo ilionekana wazi tarehe 30 Mei 1964, raundi ya pili, gari la Dave MacDonald lilipogonga ukuta wa ndani na kulipuka, kisha Eddie Sachs akaliparamia. Magari yote mawili yalikuwa ya injini nyuma na yamebeba petroli. Wote wawili walikufa, na kwa mara ya kwanza mbio za Indianapolis zilisimamishwa kwa ajali. Baada ya hapo kanuni zilibadilishwa, petroli ikaachwa na methanoli ikabaki.

Karibu kila kanuni ya usalama ya mchezo huu ina kaburi nyuma yake. Mwaka 1958 magari mengi yaligongana raundi ya kwanza, gari la Pat O'Connor likapinduka, naye hakuwa na chuma chochote cha kukinga kichwa chake. Mwaka uliofuata vyuma vya kukinga dereva gari likipinduka vikawa lazima. Mwezi Mei 1959 Jerry Unser alikufa kwa majeraha ya moto aliyoyapata mazoezini, na nguo zisizoshika moto zikawa sharti. Kabla ya hapo dereva aliweza kuingia uwanjani na fulana ya mikono mifupi.

Mkanda wa kiti una historia yenye kuudhi zaidi. Wengi wa zamani waliamini kuwa heri kurushwa nje kuliko kunaswa ndani ya gari linaloungua. Rex Mays, bingwa wa 1940 na 1941, hakuufunga. Mwezi Novemba 1949, kwenye uwanja wa vumbi wa Del Mar, California, gari lake lilipinduka likamtupa njiani, na gari lililofuata likamgonga. Mwaka mmoja kabla, huko Milwaukee, Mays huyohuyo alikuwa ameligongesha gari lake makusudi ili asimkanyage mwenzake aliyelala barabarani.

Ted Horn ni kisa cha chuma tupu. Bingwa wa 1946, 1947 na 1948, mtu aliyesifika kwa kuyatunza magari yake kuliko wote, alikufa Du Quoin, Illinois, Oktoba 1948 spindeli ya mbele ilipokatika. Spindeli ni kile kipande kifupi ambacho gurudumu huzungukia. Hupasuka pale kipenyo kinapobadilika, na ufa huanzia kwenye alama ndogo ya kifaa cha kukerezea. Kwa macho huuoni.

Kisha kuna Novi, gari ambalo hadithi zake zimezidi ushindi wake. Injini ni V8 ya lita 3 yenye supachaja, yaani pampu ya kusindilia hewa ndani ya injini, mchoro wa Goossen yuleyule, na nguvu zake ziliyaacha mbali magari ya Offy. Gari lenyewe lilivutwa na magurudumu ya mbele. Gari la namna hiyo likianza kuserereka na dereva akakanyaga mafuta, linakwenda kule magurudumu ya mbele yanakotazama. Ralph Hepburn, mwaka 1948, aliserereka hadi kwenye nyasi za ndani, akakanyaga mafuta kulirudisha, na gari likamvuta moja kwa moja hadi ukutani. Chet Miller naye alikufa na Novi mazoezini mwaka 1953. Wapo wanaosema gari lilikuwa na laana. Sioni haja ya laana hapo. Lilikuwa na nguvu nyingi mahali pasipofaa.

Maana ushirikina haukukosekana. Rangi ya kijani ilikuwa mwiko, na karanga za maganda hazikuruhusiwa karibu na gari. Kijani kilivumiliwa baada ya Jim Clark kushinda 1965 na Lotus ya kijani. Karanga sina hakika kama zimesamehewa hata leo.

Mwaka mbaya kuliko yote ulikuwa 1955. Larry Crockett na Mike Nazaruk walikufa Langhorne, Pennsylvania, uwanja wa vumbi wa maili moja ambao ulikuwa duara tupu, bila njia nyoofu ya kupumzisha mikono, na ardhi yake ilimwagiwa oili chafu isitimke. Mashimo yalijichimba palepale mbio zikiendelea. Manny Ayulo alifia Indianapolis katikati ya Mei. Tarehe 30 Mei Bill Vukovich, mshindi wa 1953 na 1954, alikuwa akiongoza raundi ya 57 gari la Rodger Ward lilipopinduka mbele yake. Al Keller alikwepa akamgonga Johnny Boyd, Boyd akasukumwa kwenye njia ya Vukovich, na Vukovich akaruka ukuta. Jerry Hoyt alifuata mwezi Julai, Jack McGrath Novemba. Bob Sweikert, aliyeshinda mbio alizofia Vukovich, naye alikufa Salem, Indiana, mwaka uliofuata. AAA, chama kilichosimamia mashindano hadi wakati huo, kilijitoa mwaka huo mbaya wa 1955, na USAC ikaundwa kushika nafasi yake.

Gari alilofia Vukovich lilikuwa la aina ya rodista, iliyotoka mikononi mwa mjenzi wa magari Frank Kurtis mwaka 1952. Kona zote za Indianapolis ni za kushoto, hivyo Kurtis aliisogeza injini kushoto, akapitisha shafti ya kuendesha magurudumu ya nyuma kushoto kwa dereva badala ya chini yake, na dereva akakaa chini kabisa upande wa kulia. Tangi lilikaa mkiani. Lita 200 za methanoli zina karibu kilo 160, kwa hiyo gari lililopangwa vizuri likiwa limejaa huwa gari jingine tangi likiisha. Mafundi walikaza au kulegeza torsheni baa ya kona moja ili kuhamishia uzito kona ya mshazari. A. J. Foyt alishinda 1964 na rodista ya mtindo wa mjenzi A. J. Watson, na huo ndio ushindi wa mwisho wa gari lenye injini mbele. Jim Hurtubise, aliyeungua vibaya mikononi Milwaukee mwaka 1964, bado aliingiza gari la injini mbele kwenye mbio za 1968.

Kwa anayelifufua gari la aina hii, vipimo ni hivi. Ekseli, spindeli, mikono ya usukani na torsheni baa hukaguliwa kwa unga wa sumaku, ambao hujikusanya pale penye ufa. Mkwaruzo wowote kwenye torsheni baa, hasa karibu na meno yake ya mwisho, unatosha kuikataa. Rimu za magnesiamu hazishiki sumaku, hivyo hutumiwa rangi inayopenya, na zikionyesha ufa hazichomelewi, zinatundikwa ukutani. Methanoli isilale kwenye mfumo: inanyonya unyevu hewani na kula magnesiamu na aluminiamu. Baada ya kila siku ya kuendesha, mwage tangi, kisha pitisha petroli yenye oili kidogo kwenye pampu na nozeli.

Halafu kuna kromu. Magari haya yaling'arishwa kromu kila mahali, hata kwenye ekseli, na hapo ndipo warembeshaji wengi huharibu kazi. Bafu la kromu huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na chuma hicho hukatika baadaye bila kupinda. Dawa ni kukioka kwenye tanuri kwa nyuzi 190 za Selsiasi, saa 3 au zaidi, ndani ya saa chache baada ya kutoka kwenye bafu. Mpiga kromu asiyeweza kukuonyesha tanuri lake, mpe bampa za gari la kawaida, usimpe ekseli.