Alasiri Tuliyompumzisha Bizari

Bizari, paka wetu, alikufa nyumbani kwetu Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, alasiri ya siku ya Alhamisi, juu ya mkeka ule ule aliokuwa akiulalia kila siku baada ya adhuhuri, kichwa chake kikiwa kiganjani mwangu. Daktari wa mifugo alikuja kwa ombi letu, akamdunga sindano mbili, na ya pili ndiyo iliyousimamisha moyo wake. Nayaandika haya waziwazi tangu mwanzo kwa sababu katika wiki tatu hizi nimeulizwa mara nyingi na majirani, jamaa na walimu wenzangu wa skuli, na wengi wao waliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba tumefanya jambo la kusitiriwa. Mimi sioni kuwa ni la kusitiriwa. Naona ni la kusimuliwa vizuri, kwa kuwa nilipohitaji masimulizi kama haya kwa Kiswahili sikuyapata.

Alitujia wakati wa giza. Kila aliyekuwapo Unguja anaukumbuka wakati ule: umeme ulikatika kisiwa kizima Desemba 2009 kwa hitilafu ya njia ya umeme itokayo bara, na haukurudi mpaka Machi 2010. Maji yalikuwa ya kuchota, na usiku mitaa ilinguruma kwa majenereta ya wenye uwezo. Usiku mmoja wa Januari, Mama alikuwa akipanda ngazi na mshumaa mkononi, akasikia mlio mwembamba nyuma ya dumu la mafuta ya taa, na hapo akamkuta mtoto wa paka asiyezidi ukubwa wa embe boribo, mwenye rangi ya bizari ya manjano. Umeme uliporudi, yeye alikuwa keshakuwa mwenyeji. Aliishi nasi miaka 15, akawa shume mkubwa mwenye mashavu mapana, akaijua saa ya muuza samaki kupita mtaani kuliko nilivyoijua mimi, na akazeeka taratibu bila ya kuugua ugonjwa wa maana.

Dalili ya kwanza ilikuwa kiu. Bizari, ambaye miaka yote alikunywa maji kidogo kama paka wengi, alianza kwenda bafuni kila mara, akisimamisha miguu ya mbele kwenye ukingo wa ndoo na kunywa kwa muda mrefu, hata nikawa nahesabu mipigo ya ulimi wake. Ikabidi ndoo moja iachwe bila ya kifuniko. Kisha mkojo ukawa mwingi, manyoya yakapoteza mng'aro, na pumzi yake ikawa na harufu kali, kama ya mkojo uliolala. Nilimpima kwenye mizani ya duka la chini ya nyumba: kutoka kilo 5 na robo alizokuwa nazo siku alipochanjwa kichaa cha mbwa, alikuwa amebaki na kilo 3 na nusu.

Daktari alimtoa damu, na majibu yakaonyesha kuwa kreatinini, yaani taka ya damuni inayochujwa na figo, imepanda sana. Alinieleza kuwa maradhi ya figo ni katika maradhi yanayowapata sana paka wazee. Figo huchakaa polepole kwa miaka, na paka haonyeshi kitu mpaka sehemu kubwa imekwisha kuharibika, kwa hiyo kiu na kukonda huonekana wakati ugonjwa umeshafika mbali. Figo zilizochakaa hazirudi zilivyokuwa. Linalowezekana ni kumsaidia mnyama asikaukiwe na maji mwilini, na kwa hilo nilifundishwa kumtia dripu chini ya ngozi hapa hapa nyumbani. Nilitundika mfuko kwenye nondo ya dirisha kwa kamba ya katani, nikaivuta ngozi ya mabegani mpaka ikasimama kama hema, nikaingiza sindano na kuacha mililita 100 ziteremke. Maji yale yalifanya nundu laini begani, na hadi usiku nundu ilikuwa imeshuka mkononi na kunyweka mwilini. Tulifanya hivyo kwa miezi minne, siku moja tukimtia na siku moja tukimwacha, na dripu zile zilimpa siku nyingi nzuri ambazo sizijutii hata moja.

Ninalolijutia ni la mwezi wa mwisho. Daktari alinishauri nichague mambo matatu ambayo Bizari aliyapenda kuliko mengine, na kila jioni nitie alama kwenye kalenda kama ameyafanya au la. Siku mbaya zitakapokuwa nyingi kuliko nzuri, nimpigie simu. Nilichagua kula kibua, kupanda juu kwenye paa kuota jua la asubuhi, na kujiramba manyoya. Kalamu ya buluu ilikuwa ya siku nzuri na nyekundu ya siku mbaya. Nikaanza kuidanganya kalenda. Siku aliyoramba mchuzi wa kibua kidoleni pangu kisha akageuza uso, nilitia buluu. Siku niliyombeba mimi mwenyewe kumpeleka juu ya paa kwa sababu miguu ya nyuma ilikuwa haimwitikii, nilitia buluu. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka minane, aliitazama kalenda akaniuliza kwa nini jana ni buluu na ilhali Bizari alitapika mara nne. Nilikosa jibu, na usiku ule nilikaa na kalenda mapajani nikazipitia siku zote upya kwa kalamu nyekundu. Zilikuwa siku 11 ambazo nilizichukua kwake kwa ajili yangu.

Niliyajua mateso ya kusubiri, maana tuliwahi kusubiri. Mwaka 2003, nilipokuwa msichana, tulikuwa na paka jike mweupe ambaye aliacha kula, akaingia chini ya kitanda cha Bibi na kubaki huko kwa siku nne. Hakuna aliyemdhulumu. Tuliwekewa maziwa kisahanini tumpelekee, tulizungumza kwa sauti ndogo, na watu wazima wakasema kila kiumbe ana siku yake. Usiku wa nne alilia kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwa mnyama mwingine, na kulia huko kulidumu mpaka adhana ya alfajiri. Kwa miaka mingi niliamini kuwa kule ndiko kufa vizuri, kwa kuwa mkono wa mtu haukuingia.

Mama aliamini hivyo mpaka mwaka huu. Nilipomweleza alichosema daktari, alikaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, roho si yetu." Sikutaka kushindana naye, kwa sababu neno lake ni la kweli. Nilikwenda kwa sheikh anayetusomeshea watoto, mtu mpole, nikamweleza hali yote. Aliniuliza mambo mawili tu: je, anayejua tiba amesema hatapona, na je, anateseka kweli? Kisha akanieleza kuwa wanavyuoni wana kauli zaidi ya moja katika jambo hili, wapo wanaoona bora mnyama aachwe na ahudumiwe mpaka mwisho, na wapo wanaoruhusu kumwondoshea mateso yasiyo na tiba kwa njia isiyomuumiza. Yeye alielekea kwenye kauli ya pili, na alinisomea hadithi iliyopokewa na Shaddad bin Aws, iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha wema katika kila kitu, na mnapoua, ueni kwa wema, na mnapochinja, chinjeni kwa wema, na mmoja wenu akinoe kisu chake na ampumzishe mnyama anayemchinja.

Niliporudi nyumbani nilimsomea Mama. Neno lililomshika lilikuwa "ampumzishe". Mpaka siku ile hatukuwa na neno. Kumuua lilikuwa linatukata ulimi, na kumlaza, ambalo daktari mwenyewe alilitumia, nililikataa kwa ajili ya mtoto. Sitaki mtoto wa miaka minane aambiwe kuwa paka amelazwa kisha hakuamka, halafu usiku aambiwe akalale. Nilimkalisha barazani nikamwambia kuwa Bizari ni mgonjwa na hatapona, kwamba daktari atampa dawa itakayomfanya asisikie kitu chochote, kisha dawa nyingine itakayosimamisha moyo wake, na kwamba atakuwa amekufa na hatarudi. Aliuliza kama itamuuma. Nikamwambia sindano ya kwanza itamuuma kidogo, kama chanjo. Akaomba awepo, nami nikamruhusu awepo kwa ile sindano ya kwanza na muda wa kungojea, kisha ashuke kwa Bibi yake.

Tulitaka iwe nyumbani kwa sababu Bizari aliogopa safari. Kila tulipompeleka kwa daktari ndani ya kikapu, alilia njia nzima kwenye daladala, akajikojolea, na kufika mezani moyo wake ukipiga kwa kasi hata daktari akawa hawezi kuusikiliza. Sikuweza kukubali kuwa harufu ya mwisho puani mwake iwe ya dawa ya kusafishia na ya mbwa asiowajua. Daktari alikubali mara moja, akataka tu chumba chenye mwanga na mahali pa kukaa chini.

Alivua viatu mlangoni, akakaa mkekani kama mgeni wa kawaida, akamwacha Bizari amnuse mkono. Ya kwanza ilikuwa dawa ya usingizi, aliyomdunga pajani. Bizari alishtuka, akageuka kuniangalia, kisha akajilaza tena. Daktari alikuwa ametutayarisha mapema: huenda akatapika, macho hayatafumba hata akilala fofofo, na baada ya moyo kusimama huenda kifua kikanyanyuka kana kwamba anavuta pumzi, wakati hayupo tena. Namshukuru kwa maneno yale. Kama asingeyasema, macho yale yaliyobaki wazi yangenitesa mpaka leo.

Tulingoja kama dakika kumi. Mwanangu alimkuna katikati ya masikio, mahali palipokuwa na alama nyeusi ndogo kama mbegu ya ufuta, na ulimi wa Bizari ukabaki nje kidogo, ncha tu, ya waridi na kavu. Mtoto aliurudisha ndani kwa kidole chake, polepole. Ukatoka tena, naye akauacha. Kisha akambusu paji la uso, akashuka.

Daktari alinyoa manyoya sehemu ndogo ya mkono wa mbele, akafunga mpira, akatafuta mshipa. Kwa kuwa mwili ulikuwa umekauka, mshipa uliteleza, na ilimbidi ahamie mguu wa nyuma. Bizari hakutikisika. Dawa ya pili ni ya jamii ya dawa za nusukaputi, kwa kipimo kikubwa mno: kwanza huzima ubongo, kisha pumzi, kisha moyo, na kwa mpangilio huo mnyama hana habari na yanayofuata. Nilimwita jina lake na kuweka kiganja changu chini ya taya lake. Niliihisi pumzi moja, na nyingine, kisha uzito wa kichwa ukaongezeka mkononi mwangu. Haikufika dakika mbili. Daktari aliuweka mpira wa kusikilizia kifuani kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akasema, "Ameshakwenda."

Tulimfunga kwenye kanga yangu ya zamani, wala si kwa namna ya sanda, bali kwa sababu alikuwa akiilalia. Mji Mkongwe hauna udongo wa kuchimba, kwa hiyo jirani alitupakia kwenye gari yake mpaka shamba la mjomba wangu lililoko Dole, kabla ya Maghribi. Daktari alisisitiza shimo liwe refu, kwa kuwa dawa ile hubaki ndani ya nyama, na mbwa, kunguru au paka mwingine akimfukua na kumla anaweza kufa. Mjomba alichimba mpaka udongo mwekundu ukamfika kiunoni, akafukia, akapanga mawe mazito juu. Mkulima wa shamba la pili alisogea akauliza paka amekufa na nini, na Mama ndiye aliyemjibu: "Alikuwa mgonjwa sana, tumempumzisha."

Siku ya Jumamosi daktari alipita kuchukua mifuko mitatu ya dripu iliyobaki, kwa kuwa anamtibu paka mwingine wa figo huko Kwahani, na mwenye paka huyo hana uwezo wa kuinunua. Mwanangu aliibeba mwenyewe mpaka chini. Kamba ya katani bado imefungwa kwenye nondo ya dirisha.