Niligeuza Zulia Kabla ya Kuuliza Bei

Kila aliyesikia kwamba ninatafuta zulia lililofumwa kwa mkono alinipa ushauri ule ule: nisikubali bei ya kwanza, nitaje nusu yake, kisha nijifanye ninaondoka. Niliufuata ushauri huo hatua kwa hatua, muuzaji akaniita nikiwa mlangoni, nami nikarudi nyumbani nimefurahi. Haikuchukua miezi mingi kabla sijaanza kukuta vumbi la rangi ya maziwa sakafuni kila nilipofagia. Nilipolipindua zulia nikaona kitambaa kigumu kilichobandikwa mgongoni, na gundi iliyokibandika ikipukutika kama chokaa ya ukuta mbovu. Halikuwa na fundo hata moja. Nyuzi zilikuwa zimechomekwa tu na kushikizwa kwa gundi hiyo. Jambo hilo linanikera hadi leo, kwa kuwa wote wale walinifundisha bei na hakuna aliyenifundisha zulia.

Niliporudi sokoni nilibeba kiberiti, kitambaa cheupe chenye unyevu, na kamba niliyoipiga fundo mahali urefu na upana wa sebule unapoishia. Sikuuliza bei popote. Nilishika pembe ya zulia, nikaigeuza, na kama nilikuta mgongo umefunikwa, nilishukuru nikaenda zangu.

Katika duka la tatu au la nne, ua jekundu lililokuwa mbele lilionekana vilevile nyuma, rangi kwa rangi, likiwa limejengwa kwa safu za mafundo madogo yasiyolingana sana. Nilitenganisha manyoya, yaani nyuzi zilizosimama upande wa juu, kwa vidole viwili, nikaona kila uzi umezungushwa kwenye nyuzi za mtande, zile zinazopita urefu wote wa zulia. Matamvua nayo yalikuwa ncha za mtande huohuo, hayakushonewa pembeni. Nilisugua kwa kitambaa changu, na hakikushika rangi.

Nikamwomba mzee mwenye duka ruhusa ya kuchoma uzi.

“Chukua, mwanangu,” akasema, akauchomoa mwenyewe.

Nilisisitiza uzi wa manyoya, si wa matamvua, kwa sababu mara nyingi mtande huwa wa pamba hata kama zulia ni la sufu. Ulinuka kama nywele zilizoungua, moto ukafifia wenyewe, na jivu likasagika kati ya vidole vyangu. Uzi wa plastiki ungeyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Hapo ndipo tulipozungumza bei, tukiwa tumeketi, bila mtu kukimbilia mlangoni. Alipunguza kidogo, nami nikalipa kama mara tatu ya lile la kwanza, na sijajuta hata siku moja. Lilizidi kamba yangu kwa shibiri moja hivi, kwa hiyo nikasogeza kabati.