"Funny" na "fun": pitia Kiswahili kwanza

Hapa Goma wengi tunaingia kwenye Kiingereza kupitia mlango wa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya darasani. Kwa neno "funny", mlango huo unatupoteza. Kifaransa kina "amusant", na neno hilo moja linatosha kotekote: filamu iliyokuvunja mbavu ni "amusant", siku njema ya kuogelea ziwani ni "amusant" vilevile. Basi mwanafunzi anaandika "The party was funny", akitaka kusema sherehe ilinoga. Msomaji wa Kiingereza anaelewa kwamba sherehe ilikuwa kichekesho, au ilikuwa na kasoro fulani.

Kiswahili kilishayatenganisha zamani. Kinachochekesha ni "funny", kinachofurahisha ni "fun". Jiulize tu: watu walicheka, au walifurahi? Mpira wa jioni, matembezi ya Gisenyi, harusi, hayo ni "fun". Utani uliopatia, au mtoto anayeburuta viatu vya baba yake sebuleni, hiyo ni "funny".

"Fun" ni nomino isiyohesabika, kama maji. Sema "It was fun", "We had a lot of fun", "It was great fun". Usiandike "It was a fun", wala "many funs". Katika "a fun day", ile "a" ni ya "day", ndiyo maana inakubalika, hasa katika mazungumzo. "Funny" inabadilika kuwa "funnier" na "funniest": n mbili zinabaki, y inakuwa i. Kutamka ni rahisi: soma "fani" kwa Kiswahili, usitie u ya Kifaransa.

Sasa maana ya pili, ambayo ndiyo inayoangusha hata walioendelea. "Funny" pia ni kitu kisicho cha kawaida, kinachotia shaka. Hapa Kifaransa kinarudi kutusaidia, kwa sababu "drôle" ina sura hizohizo mbili: "un drôle de bruit" ni "a funny noise". Mgeni akimwambia fundi wa pikipiki "The engine is making a funny noise", hakuna cha kucheka, injini ifunguliwe. Ukikuta "funny" imekaa na "noise", "smell", "taste" au "feeling", karibu kila mara maana ni hiyo. Maziwa yakiwa "taste funny", yameanza kuharibika.

Lililo zito kuliko yote ni "I feel funny". Maana yake: sijisikii sawa, labda kizunguzungu, labda tumbo linavurugika. Mkalimani wa kituo cha afya akitafsiri "anajisikia mwenye furaha", mgonjwa ataachwa kwenye benchi akingoja. Sema "hajisikii vizuri", kisha mwulize ni wapi.

Mtu akianza na "That's funny" huku amekunja uso, akitafuta funguo alizoziacha mezani, anasema "ajabu hii". Na "He's funny" haikuambii yote: ni mcheshi, au ana mambo yasiyoeleweka? Waingereza wenyewe huulizana "Funny ha-ha or funny peculiar?", yaani wa kuchekesha au wa ajabu. Nawe uliza, si aibu. Lakini "Don't get funny with me" haina swali: ni onyo, usiniletee ujeuri.

Chunga pia "to make fun of someone". Wengi huitafsiri "kumfurahisha mtu", kumbe ni kumdhihaki.

Na "funny bone" si mfupa. Ni ile sehemu ya nyuma ya kiwiko ambapo neva inapita karibu kabisa na ngozi. Ukijigonga hapo kwenye ukingo wa meza, ganzi kali inashuka mpaka kidole cha mwisho na cha jirani yake. Hapo "funny" ni ile ya ajabu, maana anayejigonga hacheki.