Siku moja maishani mwangu: fundi wa lampi, komuni ya Kenya, Lubumbashi

Saa 11 na nusu alfajiri

Mwezi wa saba hapa kwetu si wa kuchezea. Mtu wa mbali akisikia Kongo anawaza jasho na mvua. Aje Lubumbashi alfajiri ya leo aone wanaume wazima wamevaa koti na blanketi juu yake. Kinachoniamsha ni friji. Ikianza kuvuma najua umeme umerudi. Natoka kitandani miguu mitupu, nachomeka mita ukutani: volti 247. Naandika kwenye daftari.

Mke wangu hulicheka daftari hilo, lakini nusu ya kazi yangu imo humo. Lampi zangu si za kumulika chumba, ni zile za kioo zinazokuza sauti ndani ya redio na ampli, yaani mashine za kukuza sauti. Filamenti, ule uzi wa moto wa ndani, kwenye nyingi ninazozishika inataka volti 6.3, na transfoma hutoa hizo 6.3 pale tu ukuta unapotoa 220. Ukuta ukitoa 247, filamenti inapata 7 na kidogo, na inaungua pole pole kama mshumaa uliowashwa pande mbili. Jioni, majiko ya umeme ya mtaa mzima yakiwashwa, mita ile ile hunionyesha 168. Hapo filamenti inapata 4.8, kathodi, kile chuma cha ndani kinachotoa elektroni, haipati moto wa kutosha, sauti inalegea, na lampi yenyewe inachoka kabla ya siku zake. Watengenezaji huvumilia asilimia kumi juu au chini. Mtaa wetu hauna habari hiyo.

Saa 2 asubuhi

Naenda atelye, karakana yangu, kwa miguu. Wasomaji wa Nairobi wasinipigie makofi bado: Kenya hii ni komuni, yaani wilaya, ya Lubumbashi, yenye soko lake na makelele yake. Nanunua vitumbua, navikuta bado vya moto, nafika kijana wangu wa kazi anafagia.

"Yaya, jambo." Yaya kwetu ni kaka mkubwa, si mlezi wa watoto.

"Jambo. Umenyunyiza maji?"

Hajanyunyiza. Ardhi yetu ni nyekundu na wakati wa kiangazi inaruka yenyewe bila kuombwa. Vumbi hilo likiingia kwenye soketi ya lampi, baada ya mwezi mtu anakuja kuniambia ampli yake ina mashetani. Narudia kila siku: maji kwanza, ufagio baadaye, na ampli iliyofunguliwa hulala chini ya kitambaa.

Mkate wetu unatoka kwa ampli za makanisa, mikisa (mashine za kuchanganya sauti) na redio za wazee. Ampli za hedifoni zenye lampi ni chache, labda mbili kwa mwezi. Wenyewe ni mainjinia wa migodi, vijana wa studio, muuguzi mmoja anayesikiliza muziki akitoka zamu ya usiku. Wanaagiza nje, mizigo inapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kitu kikifika kimekufa wananiletea mimi. Nazipenda kuliko kazi nyingine zote, ingawa hazilipi.

Saa 3

"Jambo papa."

"Jambo mwanangu. Karibu, kaa."

Ni wakili kijana, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Anafungua mfuko, ndani ya mfuko taulo, ndani ya taulo ampli ya lampi mbili: 6SN7 mbele, 6AS7G nyuma. Halafu anatoa boksi la viatu limejaa lampi zilizofungwa kwenye soksi. Nilipoona zile soksi nikajua leo kuna kazi.

"Papa, sikio la kushoto linafanya kra-kra. Nikabadilisha lampi, ikaendelea. Nikaagiza ingine ya dola 85. Wiki ya kwanza kimya kabisa, sasa imeanza tena. Nadhani nayo ni ya uongo."

Namuuliza amebadilisha mara ngapi. Anahesabu kwa vidole, vidole vinakwisha.

"Kila Jumamosi, tangu Pasaka. Siku nyingine mara tatu usiku mmoja, nipate kulinganisha."

Nanyamaza. Nachukua boksi.

Kwanza kioo. Juu ya kila lampi kuna paku la rangi ya fedha: ni bariamu, kazi yake kumeza hewa iliyobaki ndani. Likiwa linang'aa kama sufuria mpya, kioo hakijavuja. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na lampi hiyo ni pambo la kabati. Zake zote zinang'aa. Anauliza pia kuhusu mwanga wa buluu anaouona usiku kwenye kioo cha lampi ya nyuma. Ukiwa umegandamana na kioo, hauna neno. Ukiwa wa zambarau au pinki, umejaa katikati ya vyuma kama ukungu, hapo ndipo uzime haraka.

Moja ni ya Kirusi. Anasema ameitafuta kwenye simu kwa jina la 6H8C, namba hiyo haileti maana. Haitaleta, kwa sababu hayo ni maandishi ya Kirusi: hiyo H ni N, hiyo C ni S. Lampi inaitwa 6N8S, ndugu wa 6SN7. Amekuwa nayo miezi miwili bila kujua jina lake.

Saa 4

Kwenye ampli yenye lampi moja kwa kila sikio, kumpata mkosaji ni rahisi. Unahamisha ya kushoto kwenda kulia. Kelele ikihama nayo, lampi imeshtakiwa. Ikibaki pale pale, iache lampi. Hii hapa haina njia hiyo ya mkato, maana 6SN7 moja inahudumia masikio yote mawili, nusu kwa nusu. Kwa hiyo nina lampi moja ya zamani ninayoiamini, haiuzwi wala haiazimwi, naiita shahidi. Wakili alilipenda neno hilo.

Hedifoni hutoka kwanza. Kila mara, kabla ya kuwasha na kabla ya kuzima. Ampli ya aina hii haina transfoma ya kutolea sauti. Lampi ya nyuma inasukuma hedifoni kupitia kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme, na kapasita ikijaa au ikimwaga, mshtuko unapita masikioni. Ndiyo maana pia namshauri abaki na hedifoni yake ya omu 300 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Zile ndogo za omu 32 ampli hii haizipendi, zinaifanya sauti iwe na besi ya matope.

Nachomoa lampi yake ikiwa imepoa, naishika kwenye kitako, naitikisa kidogo huku na huku huku nikiivuta. Anashangaa sikuvaa glavu. Hofu ya alama za vidole ni ya taa za halojeni za gari. Kioo cha lampi hizi hakifikii moto ule.

Naweka shahidi, nasubiri dakika mbili, navaa hedifoni ya mazoezi, ile ambayo ikifa sitalia. Kra-kra, kushoto. Nagonga kioo kwa kitako cha penseli: kimya. Nasukuma kitako cha lampi pembeni, kidogo sana, kama mtu anayesogeza kikombe. KRA.

"Sikiliza mwenyewe," namwambia, nampa hedifoni. Anasikiliza, anasukuma, uso unabadilika.

"Kwa hiyo lampi ya dola 85…"

"Nzima. Na ile uliyoitoa kabla yake pia."

Anaenda mahakamani. Arudi jioni.

Saa 5

Natoa waya ukutani, nafungua chini. Mkono mmoja mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani; nilifundishwa hivyo na fundi wa redio aliyenilea, na yeye alifundishwa na mshtuko. Humu ndani mna volti zaidi ya 150. Watu hudhani ukizima ampli ikiwa ya moto ndiyo hatari zaidi. Kinyume chake: lampi za moto huendelea kula chaji ya kapasita hadi zipoe. Hatari ni pale umewasha, ukazima kabla lampi hazijapata moto, au umezitoa soketini: chaji yote imekaa inakungoja. Mita inanionyesha volti 31. Nazimaliza kwa rezista ya kiloomu 10 yenye klipu mbili. Wanaotumia bisibisi wanapenda cheche kuliko wanavyopenda kapasita zao.

Sasa soketi. Ndani ya kila tundu kuna ulimi wa chuma unaoubana mguu wa lampi. Naingiza mguu mmoja wa lampi iliyokufa, tundu kwa tundu. Moja, mbili, tatu zinabana vizuri. La nne mguu unaanguka wenyewe. Mguu wa nne ni gridi ya nusu moja ya lampi, mlango wa sauti, na kwenye ampli hii nusu hiyo ni sikio la kushoto. Kila Jumamosi tangu Pasaka amekuwa akiupanua ulimi huu kwa mikono yake, akitafuta sauti tamu. Lampi mpya ilinyamaza wiki moja kwa sababu miguu yake ilipoingia ilikwangua ulimi, chuma kikagusana na chuma; vumbi likarudi, kelele ikarudi.

Kijana wangu anachungulia. Namwonyesha na kitu kingine: soketi ya mbele na ya nyuma ni sawa, matundu manane, hata mpangilio wa miguu ni mmoja. 6AS7G inaingia mahali pa 6SN7 bila kulalamika. Lakini 6SN7 inakuza sauti mara 20 na filamenti yake inakula ampea 0.6, mwenzake anakuza mara 2 tu na anakula ampea 2.5.

"Utazijuaje?"

"Nitasoma namba."

"Na namba ikifutika?"

Anainamisha kichwa, anacheka. Mwezi wa nne alisafisha lampi nne za ampli ya parokia kwa alkoli, zikang'aa kama vijiko vya harusi, na maandishi yote yakabaki kwenye kitambaa. ECC82 na ECC83: miguu ile ile, filamenti ile ile, ila moja inakuza karibu mara 20 na nyingine mara 100. Tulizipanga upya kwa kupima siku nzima. Tangu hapo alkoli inagusa miguu, haigusi kioo, na kila lampi inavaa kipande cha utepe chenye jina.

Saa 6 na nusu mchana

Umeme umekwenda. Chuma cha kulehemu kinapoa, redio ya jirani inanyamaza, jenereta ya saluni inaanza. Kwa bahati soketi haihitaji umeme. Nakunja sindano ya kushonea, nasukuma kila ulimi kuelekea ndani, pole, ukivunjika nimemaliza soketi ya mtu. Halafu kiburashi cha meno, kile cha kupita katikati ya meno, na alkoli ya asilimia 90 ya famasi. Mafuta ya bawaba hapana, hata yakisifiwa vipi. Yanakamata vumbi kama asali.

Tunakula bukari, yaani ugali, na ndakala, samaki wadogo wakavu. Kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, kuna pilipili ya kumfanya mtu aombe radhi.

Saa 9

Kamalondo, komuni nyingine ya mji, kwa mzee anayesuka upya mota na transfoma. Nina transfoma ya ampli ya kanisa iliyoungua. Namwomba aongeze mkia, waya wa ziada, wa volti 240 upande wa kuingilia, kwa ajili ya zile alfajiri za 247. Anasema itakuwa tayari Ijumaa. Hakusema Ijumaa ipi.

Saa 11 jioni

"Kuran iko!" yaani umeme upo. Mtaa mzima, watoto kwa wakubwa. Nasubiri dakika kumi kabla ya kuwasha chochote, maana umeme ukirudi hurudi na hasira. Mita: 171. Naweka stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, katikati, napima filamenti: 6.2. Vizuri.

Wakili amerudi, tai imelegea. Naweka lampi gani? Ile iliyokuja na ampli kutoka kiwandani, aliyoiita takataka. Navaa hedifoni, nasukuma kitako. Kimya. Nasukuma tena. Kimya.

Nampa. Simu yake ina magitaa ya zamani ya Katanga, sauti kavu, vidole unavihesabu. Anafumba macho. Anayafungua.

"Papa, naomba tujaribu na ile ya 85. Mara moja tu."

"Nenda nayo nyumbani. Chagua moja, iache humo mpaka Krismasi."

Anacheka, lakini mkono tayari uko kwenye soksi. Ananilipa dola 10, anataka kusikiliza wimbo mmoja wa mwisho, nami najipigia hesabu za siku kwenye daftari.

Katikati ya wimbo giza likaingia. Umeme umekwenda tena. Yeye bado anatikisa kichwa: lampi zina joto, kapasita zina chaji, magitaa yanaendelea kupiga bila umeme, sekunde moja, mbili, tatu, yanazidi kuwa mbali. Filamenti mbili nyekundu ndiyo taa pekee iliyobaki atelye.

"Yaya, hedifoni!" kijana wangu anapiga kelele gizani. Amechomoa yeye mwenyewe kabla sijanyoosha mkono. Mimi natafuta swichi kwa vidole, nazima, kabla umeme haujarudi na hasira yake.