"Jana ya lini?": nilivyopambana na uvumi wa korona kwa wazee wa Rungwe

Kwenye semina tuliambiwa tukikuta uvumi kwenye grupu la WhatsApp tuukanushe kwa kirefu, hoja kwa hoja. Kwa wazee wa presha na kisukari huku kwetu ushauri ule ni mbaya, na bado naudhika nikiukumbuka.

Niliufuata kama ulivyo. Juu nikanakili uvumi wenyewe, kwamba ukibana pumzi sekunde 10 bila kukohoa huna korona, chini yake nikaweka maelezo. Sasa WhatsApp hukata ujumbe mrefu, unabaki mwanzo wake na "soma zaidi". Mzee asiye na miwani hagusi pale. Alichosoma ni uongo mtupu, tena umetoka kwa mhudumu wa afya anayemwamini. Wiki mbili tatu nikawa msambazaji mkubwa kuliko wenye uvumi wao.

Nikahamia sauti: sekunde 40, Kinyakyusa, ukweli kwenye sentensi ya kwanza, uvumi usitajwe kabisa. "Dawa ya presha meza kila siku, hata ukiwa na mafua." Bando la bei ndogo kabisa linatosha. Wenye kitochi, simu ndogo ya vitufe, niliwasikilizisha kwa spika siku ya kliniki.

Mishale miwili juu ya ujumbe inaonyesha umeshapita kwa watu watano au zaidi, mmoja baada ya mwingine. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa hivyo hutumwa kwa mtu mmoja au grupu moja tu kwa mara moja. Angalia hapa: mjukuu akiona simu inamkatalia, ananakili maneno na kuyabandika upya, na mishale inapotea. Kwa hiyo mishale ikiwepo shtuka, isipokuwepo usitulie.

Sauti za "daktari wa hospitali kubwa" ndizo zilizowatisha zaidi. Hatoi jina kamili, hataji hospitali, anasema tu "jana usiku wamekufa wengi". Sikubishana nazo. Nilimwambia bibi, "Shikamoo bibi, hebu muulize huyo: jana ya lini?" Sauti ileile ilikuwa imezunguka miezi, na kila anayeipokea anadhani ni jana yake. Swali hilo liliwakaa, wakawa wanaulizana wenyewe sokoni.

Chanjo ilipozinduliwa nchini Tanzania Julai 28, 2021, ikaja video ya sarafu kunata begani kwa aliyechanjwa. Nikachukua sarafu ya shilingi 500 na poda ya mtoto. Kwanza nilimbandika babu ambaye hajachanjwa, bega lina jasho la kupanda mlima: ikanata. Nikalifuta bega kwa kitambaa kikavu, nikapaka poda, nikabandika tena: ikaanguka. Aliyechanjwa, vilevile. Kinachoshika ni jasho na mafuta ya ngozi. Usianze na aliyechanjwa. Ikinata mara ya kwanza, hakuna atakayekusikiliza tena.

Nyungu, yaani kujifukiza, sikuigombania. Mvuke hauui kirusi, nililisema hilo mara moja, halafu nikahangaika na kuungua: sufuria iepuliwe, ikae chini palipo sawa, mtoto asipakatwe ndani ya blanketi. Nilichokikatalia ni kuacha vidonge kwa sababu ya nyungu. Na kunywa maji ya chumvi kwa mwenye presha, hapana.

Swali lililobaki wanapiga 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo. Kwenye kitochi niliiweka kitufe cha 2, ukikishikilia inapiga yenyewe. Cha 1 simu nyingi zimekitenga kwa ujumbe wa sauti. Kwa asiyesoma nilidondoshea kitufe hicho rangi nyekundu ya kucha, tone moja tu. Liache likauke vizuri kabla ya kumrudishia simu yake, la sivyo kitufe kinaganda.