Nilivyofundisha figo kwa chekeche na madumu ya maji

Nafundisha Baiolojia sekondari, na mada ya figo ilinisumbua kwa sababu wanafunzi walikuwa wakiikariri vizuri huku wakiielewa kinyume. Ukiwauliza figo inafanya nini, walijibu inatoa uchafu kwenye damu, kana kwamba inaokota yurea, taka ya mwili iliyomo kwenye damu, na kuacha mengine yapite. Haifanyi hivyo. Hutoa kwanza sehemu ya majimaji ya damu pamoja na vitu vyake vidogo, vizuri kwa vibaya, kisha hurudisha kile mwili unachokihitaji. Asiyeshika hapo, nefroni, yaani kile kijirija kidogo cha figo kinachochuja na kurudisha, itabaki kwake kuwa orodha ya majina.

Nilianzia bucha. Nilimwomba muuzaji aniachie figo za mbuzi na mishipa yake, maana kwa kawaida huikata. Tukapasua moja kwa urefu: tabaka la nje rangi ya damu ya mzee, la ndani limepauka, na katikati uwazi mweupe unaokusanya mkojo. Njiti tuliyoipitisha kwenye mrija wa mkojo ikatokeza palepale. Nefroni hazionekani kwa macho. Figo moja ya binadamu inazo kama milioni moja.

Kisha likaja chekeche la waya, lile la kuchekechea mchanga, tukaliosha. Tulichanganya maharage, mchele, choroko na ulezi. Maharage ni chembe za damu na protini kubwa, mchele glukosi (sukari ya damu), choroko chumvi, ulezi yurea. Kijana mmoja akatikisa: maharage yakabaki juu, vingine vyote chini kwenye sinia. Nikauliza, "Tumemaliza kusafisha?" Kimya. Chakula chote cha mwili kilikuwa kwenye sinia la kumwagwa! Wakaanza kuokota. Mchele ukarudi wote, choroko nyingi zikarudi, ulezi ukaachwa. Niliwaambia warudishe na ulezi kidogo, kwa kuwa sehemu ya yurea nayo hurudi kwenye damu. Mkono unaotikisa, ndani ya figo, ni shinikizo la damu: mshipa unaoingia kwenye glomerulasi, kifundo cha vishipa vidogo ambacho ndicho kichujio cha nefroni, ni mpana kuliko unaotoka. Shinikizo likiwa juu kwa miaka mingi, vichujio hivyo huharibika.

Hesabu ya majimaji yanayochujwa na figo zote mbili tuliifanya ubaoni: mililita 125 kwa dakika, mara 60, mara 24, ni lita 180 kwa siku. Ilibaki namba tu mpaka tulipoazima bwenini madumu ya lita 20 na kuyapanga tisa ukutani. Mbele yake niliweka chupa ya lita moja na nusu, mkojo wa siku. Yote mengine hurudi.

Binti mmoja akauliza kwa nini mwili ujichoshe hivyo badala ya kutoa uchafu peke yake. Swali zuri mno. Nilimjibu kwamba kwa njia hii hata kitu kidogo kigeni, ambacho mwili haujawahi kukutana nacho, kinaweza kupita na kutoka, kwa kuwa hakuna wa kukirudisha.

Kwenye jaribio lililofuata sikuuliza sehemu za figo. Niliuliza kwa nini mkojo wa mgonjwa wa kisukari unaweza kuwa na sukari. Wengi waliandika kwamba glukosi huchujwa kwa kila mtu, ila kwa mgonjwa huwa nyingi kiasi kwamba mirija ya nefroni inashindwa kuirudisha yote. Sentensi hiyo haikuwemo kwenye madaftari yao.