Siku moja gereji: kuishusha pikipiki ya bibi shamba

Saa 12:30 asubuhi nafungua gereji yangu hapa Morogoro. Hadi saa 3 nimebadili oili pikipiki nne, nimefunga breki mpya mbili na kuziba pancha.

Saa 3 na robo anaingia bibi shamba, mtaalamu wa kilimo anayefanya kazi Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, kaletwa na dereva wa ofisi yao. Pikipiki ni zile ndefu za miradi, nyuma zina shokapu moja katikati. Dada ni mfupi. Akikaa, ncha za vidole tu ndizo zinazogusa chini. Mara mbili amesimama kwenye mteremko wa changarawe, mguu ukakosa ardhi, akaanguka na mzigo wake. "Nimeshauriwa niombe uhamisho, niende tambarare," akasema. Iliniuma. Wakulima wa mlimani wampoteze mtaalamu kwa sababu ya sentimita 5?

Nikapima, nikapanga: sentimita 3 kwenye shokapu, 2 kwenye sponji ya siti. Hapo dereva akaanza.

"Fundi, kata springi mizunguko miwili. Dakika 20 tumeondoka."

Nikamweleza kwamba springi iliyokatwa inakuwa fupi na ngumu, mwisho wake haukai sawa kwenye kikombe, na gurudumu likining'inia inacheza ndani. Sikati springi ya mtu anayeshuka Uluguru. Chini ya shokapu kuna vibao viwili vya chuma vinavyoishika na mkono wa gurudumu. Nachonga vipya, virefu zaidi ya vya zamani kwa milimita 10, na kiti kinashuka sentimita 3.

"Umeambiwa ufupishe, wewe unarefusha chuma?"

Nikafungua shokapu, nikainua gurudumu kwa mkono, nikamwonyesha: vibao vikirefuka, gurudumu linapanda juu, kiti kinashuka. Akatazama, akaenda pembeni kumpigia bosi wake kwamba fundi anapoteza siku. Akarudi. Akauliza tena. Nilivumilia, ila kichwa kiligonga. Kisha umeme ukakatika tukiwa kwa mtu wa mashine ya kutoboa chuma, tundu moja kati ya manne likiwa bado. Siwezi kulitoboa kwa kukisia: kibao kimoja kikizidi kingine, shokapu inavutwa upande hadi bushi, vile vipete vya kwenye maungio, zinakufa. Tulikaa. Dereva akasema springi ingekuwa imeshakatwa. Umeme ulirudi nadhani saa 8, chakula sikukigusa.

Mbele nako lazima, maana nyuma ikishuka peke yake usukani unakuwa mzito kwenye kona. Nikalegeza boliti, nikapandisha mabomba ya shokapu kwenye vishikizo vyake, nikaikandamiza hadi mwisho kuona kama tairi linagusa madigadi. Halikugusa. Cheni nikaipima upya, taa nikaielekeza, sponji nikainyoa zaidi ubavuni, palipokuwa pakimtanua mapaja. Stendi ya pembeni nikaikata na kuichomelea. Ikibaki ndefu pikipiki inasimama wima mno na kuanguka yenyewe.

Jua lilikuwa limeshuka dada alipopanda. Nyayo zote mbili chini kwa mbele, visigino vikikaribia udongo. Akaenda hadi kilima cha pili, akasimama katikati ya mwinuko, akaondoka tena, akarudi akitabasamu. Nikamwambia asibebe mzigo mzito kama zamani, maana tairi la nyuma sasa liko karibu zaidi na madigadi, na baada ya kilomita 200 arudi nikaze boliti.

Dereva akainama, akavitazama vile vibao kwa muda mrefu. "Fundi, hivi unaweza kuvitengeneza jozi ngapi? Ofisini kuna dada wengine wawili."